Simu iliyojizima kwa neno moja

Mwanzoni mwa Novemba 2008 kijana mmoja wa Marekani alikuwa akitumiana ujumbe na mpenzi wake. Mpenzi akamuuliza mbona kimya. Kijana alikuwa ametoka kuizima simu yake na kuiwasha upya, akaona amjibu kwa neno moja tu la Kiingereza lenye maana hiyo: "reboot". Alipobonyeza kitufe cha kumalizia, simu ikazima, kisha ikajiwasha yenyewe.

Ilikuwa HTC Dream, ambayo kampuni ya T-Mobile iliiuza kwa jina la G1. Ndiyo simu ya kwanza ya Android kuuzwa duniani, na ilikuwa imeingia madukani tarehe 22 Oktoba, majuma machache tu nyuma. Watu walipoichokonoa wakakuta jambo la ajabu. Kila herufi iliyobonyezwa kwenye kibodi yake ya kuchomoza ilikuwa ikienda mahali pawili: kwenye ujumbe unaouandika, na pia kwenye kiini cha mfumo, ambako palikuwa na mpokeaji wa amri aliyesahaulika macho. Haonekani kiooni, lakini ana mamlaka yote juu ya simu. Ukiandika "habari" haelewi kitu, ananyamaza. Ukianza mstari mpya kwa neno ambalo ni amri, anatii papo hapo. Wengine wakajaribu kuandika "telnetd", na kweli, mlango ukafunguka: kompyuta ikaweza kuingia mpaka chumba cha ndani kabisa cha simu.

Mamlaka hayo ndiyo mafundi simu huyaita ruti. Mwenye ruti anaweza kufuta programu asiyoitaka, kubadili faili lolote, hata kung'oa mfumo mzima na kupandikiza mwingine. Mnunuzi wa kawaida hapewi ruti. Amelipa fedha zake zote, risiti anayo, lakini ndani ya simu yake anaishi kama mpangaji. Nimefuatilia mambo haya kwa miaka mingi na hali hiyo bado inanikera.

Google waliziba tundu lile haraka, kwa toleo walilolipa jina RC30. Ila walichelewa kidogo. Kulikuwa na faili la HTC wenyewe, DREAIMG.nbh, lenye toleo la nyuma, RC29. Ukiliweka kwenye memori kadi, ukawasha simu huku umeshikilia kitufe cha kamera, simu ilikubali kurudi toleo la zamani, na tundu likarudi nalo. Watu wakawa wanarudisha simu nyuma makusudi, wanaandika neno lao, wanaingia.

Kuingia tu hakukutosha, na hapa inabidi nieleze faili la flashi, yaani lile la kuandika upya programu ya ndani ya simu, lina nini. Hifadhi ya ndani ya simu imegawanywa vyumba. Mlangoni yupo butiloda, programu ndogo inayoamka kwanza na kuamua nani aamshwe baadaye. Kuna kerneli, inayozungumza na betri, kioo na redio. Kuna chumba cha mfumo wenyewe, chumba cha data zako, na pembeni kipo chumba cha dharura kinachoitwa rikavari, ambacho kazi yake ni kupokea matoleo mapya na kuyaandika mahali pake. Rikavari haipokei faili la mtu yeyote hivi hivi. Inatazama kwanza sahihi ya kidijitali, na isipoiona ya mtengenezaji, inakataa.

Mtu aliyejiita JesusFreke ndiye aliyelitegua fumbo hilo kwa namna ambayo kila mtu angeweza kuifuata. Alichukua mafaili ya G1 yenyewe, akayafungua, akabadili rikavari ili ikubali mafaili yaliyosainiwa kwa funguo za majaribio, ambazo Google walikuwa wameziweka hadharani kwa ajili ya wahandisi, kisha akafunga upya. Baada ya hapo uliweka faili lenye jina update.zip kwenye memori kadi, ukawasha simu kwa kushikilia kitufe cha nyumbani, ukabonyeza Alt na L kuona maandishi, halafu Alt na S kuanza kazi. Mtu huyohuyo ndiye aliyeandika smali na baksmali, zana ambazo hadi leo hutumika kuzifungua programu za Android na kuzisoma ndani. Kwangu mimi huyu ni mmoja wa watu muhimu wa zama hizi, ingawa wanaolijua jina lake ni wachache.

Mwaka 2009 akapumzika, akawaelekeza watumiaji wake kwa Steve Kondik, mwandishi wa programu aliyejulikana kwa jina la Cyanogen. Kondik alikuwa na simu ileile ya G1, na shida zake alizijua kwa kuzitumia. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ilikuwa MB 192, kichakataji cha 528 MHz, na nafasi ya kuweka programu ilijaa mapema mno. Romu yake, yaani Android aliyoibadili mwenyewe na kuiita CyanogenMod, ikahamishia programu kwenye memori kadi, ikabana data ndani ya kumbukumbu ili nafasi itoshe zaidi, ikabadilisha utaratibu wa kerneli wa kugawa kazi, na ikacheza muziki wa FLAC wakati Android rasmi ilikuwa bado haiwezi. Simu ile ile, chuma kile kile, ikapata pumzi mpya.

Septemba mwaka huohuo Google wakamwandikia barua ya kumtaka aache. Kosa lake ni kwamba ndani ya romu alikuwa amejumuisha Gmail, ramani, YouTube na soko la programu. Android yenyewe ilikuwa huria, yeyote aliruhusiwa kuichukua na kuibadili, lakini programu hizo zilikuwa mali ya kampuni. Kisheria Google walikuwa na haki. Watumiaji hata hivyo walikasirika sana, na nadhani hasira yao ilikuwa na sababu: ndiyo siku walipouona ukuta ambao hawakuambiwa kwamba upo. Mfumo ulikuwa wazi, lakini simu isiyo na soko la programu wala ramani ingemfaa nani?

Suluhu ilikuwa kutenganisha. Kondik akatoa romu tupu, na mwenye simu akarudishia mwenyewe programu za Google zilizokuja na kifaa chake. Kila aliyewahi kuweka romu anakumbuka kwamba kulikuwa na mafaili mawili, moja la mfumo na jingine la programu za Google. Mafaili yale mawili chanzo chake ni barua ile.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. CyanogenMod ikaenea kwenye simu za kampuni nyingine, watu wa kujitolea wakaihamishia kwenye mamia ya aina za vifaa. Mwaka 2013 ikaundwa kampuni, Cyanogen Inc., kwa mtaji wa kuanzia wa dola milioni 7. Mwaka 2014 simu ya OnePlus One ikatoka kiwandani ikiwa na mfumo huo. Mkurugenzi wa kampuni, Kirt McMaster, akatangaza mwanzoni mwa 2015 kwamba wanataka kuinyang'anya Google Android. Haikuwa. Kondik aliondoka Novemba 2016, na kabla ya Krismasi kampuni ikatangaza kwamba huduma zote zitazimwa tarehe 31 Desemba. Jina la CyanogenMod lilikuwa mali ya kampuni, kwa hiyo wale wa kujitolea wakachukua msimbo, wakaacha jina. Tarehe 24 Desemba wakatangaza LineageOS, ambayo bado ipo.

Hadithi hii husimuliwa hivyo karibu kila mahali, kama hadithi ya Wamarekani wachache na kompyuta zao. Mimi naona imekatwa nusu. Kabla G1 haijazaliwa, kwenye vibanda vya Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, simu zilikuwa zinaflashiwa kila siku. (Mkenya atanielewa vibaya, maana kwao kuflashi pia ni kumpigia mtu simu na kukata kabla hajapokea.)

Zilikuwa Nokia. Fundi alikuwa na boksi, UFS au JAF, limeunganishwa na kompyuta upande mmoja, na upande wa pili waya wenye pini ndogo zinazogusa vituo vilivyo chini ya betri. Programu ya Nokia za wakati ule ilikuja kwa mafaili matatu. MCU ndiyo ilikuwa akili ya simu. PPM ilibeba lugha na milio. CNT ilibeba picha na vitu vya kupamba. Simu iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya au la Kiarabu ilikuwa na lugha za huko, na mteja aliyetaka menyu ya Kiswahili hakuhitaji simu nyingine. Fundi alibadilisha PPM tu, akaweka iliyotengenezwa kwa soko letu. Dakika chache, simu ikaanza kusema "Ujumbe". Hiyo nayo ni kubadili programu ya ndani ya simu, na ilifanywa na watu ambao wengi wao walijifunzia kazini, kwa kumtazama fundi mwingine.

Simu za chipu za MediaTek zilipojaa sokoni, boksi likaanza kupungua umuhimu, kwa kuwa programu ya kompyuta peke yake ilitosha. Hapo ndipo na mimi yaliponikuta. Simu ya mama yangu ilikuwa inaishia kwenye nembo, haiendelei. Nikampelekea fundi. Alikuwa na faili lenye jina la simu ileile, herufi kwa herufi. Faili la namna hiyo huwa na orodha ndogo ya maandishi iitwayo skata, inayosema kila chumba kinaanzia wapi kwenye hifadhi na kinaishia wapi. Akachagua skata, akazima simu, akachomeka waya huku ameshikilia kitufe cha sauti. Kwenye kompyuta mstari mwekundu ukapita, kisha wa njano ukaanza kusogea taratibu kutoka kushoto. Ukafika mwisho, duara la kijani likatokea. Akatabasamu. Tukawasha simu, giza. Tukachaji, giza.

Jina lilikuwa moja lakini bodi si moja. Watengenezaji hubadilisha kioo au chipu ya hifadhi katikati ya uzalishaji bila kubadilisha jina la simu nje, na faili la bodi moja huiua bodi nyingine. Baya zaidi, alikuwa amechagua kufuta kila kitu kabla ya kuandika, na pamoja na hayo ikaondoka namba ya IMEI, zile tarakimu 15 unazoziona ukibonyeza *#06#.

Namba hiyo si jambo dogo kwetu. Kenya ilizizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo usiku wa tarehe 16 Juni 2016, kwa kuangalia namba hizohizo. Watu wa mitaa yetu waliijua IMEI kwa uchungu. Kuibadilisha ili kuficha simu ya wizi ni kosa la jinai, na ni haki iwe hivyo. Mafundi waliofanya biashara hiyo wamewachafulia wenzao jina.

Katika miaka hiyohiyo watengenezaji walikuwa wakikaza milango. Mwaka 2011 HTC walikuwa wamelegea baada ya wateja kulalamika, wakaahidi kutofunga tena butiloda. Haikudumu kuwa kawaida ya soko. Samsung mwaka 2013 wakaweka kwenye simu zao kubwa alama ya Knox: ukiingiza programu isiyo yao, sifuri inageuka moja na hairudi tena kamwe. Mwaka 2015 ikaja Android 5.1 na kufuli linalodai akaunti ya zamani hata baada ya simu kufutwa. Hilo naliunga mkono, maana linamnyima mwizi faida, ingawa limewatesa wengi waliosahau nywila zao. Android 7, mwaka 2016, ikaanza kukataa kuwaka iwapo mfumo umeguswa na butiloda bado imefungwa. Programu nyingi za benki nazo hukagua, zikikuta ruti zinagoma. Mtu akitaka romu leo inabidi afikirie kwanza fedha zake atazitumaje.

Simu ya mama niliipeleka kwa fundi wa pili, korido ileile, vibanda vinne mbele. Hakuuliza jina la simu. Alifungua kava, akaondoa betri, akasogeza taa na kusoma maandishi madogo yaliyochapwa kwenye bodi yenyewe. Kisha akatoa kwenye droo simu nyingine nzima ya bodi hiyo, aliyoinunua mbovu kioo, akaichomeka kwenye kompyuta na kuisoma, chumba baada ya chumba, kwa kuwa faili la bodi ile hakulipata popote. Ilichukua kama nusu saa. Nakala hiyo ndiyo aliyoiandika kwenye simu ya mama. Nembo ikatokea, kisha picha ya mwanzo, kisha mlio. Mwisho akanakili IMEI kutoka kwenye kibandiko cha chini ya betri, tarakimu moja moja, akinitaka nimsomee kwa sauti naye anarudia.

Kabla hajanipa simu alilihifadhi lile faili kwenye diski yake, ambayo tayari ilikuwa na mamia ya mengine. Akaandika jina la simu, namba ya bodi, tarehe, na mwishoni, kwa herufi kubwa, IMEJARIBIWA.