Hamil, hamali, stahimili

Hapa Doha, muuguzi akitaka kujua kama dada wa Mombasa ana mimba, humuuliza: "Hamil?" Neno si geni kwetu. Shina lake ndilo lililotupa hamali wa bandarini, himili na stahimili. Yote ni kubeba. Nasi tunasema ujauzito, uzito ule ule.

Ila sheria haziupimi mzigo huo kwa mizani moja. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26, huanza kuhesabu uhai mimba inapotungwa. Na kutunga ni kazi ya hatua, kama shanga katika uzi. Ushanga wa kwanza ni upi: mbegu kukutana na yai, au yai kujishikiza tumboni? Anayeshika jibu la kwanza huvitilia shaka hata baadhi ya vizuia mimba.

Qatar, Sheria Na. 2 ya 1983 huhesabu miezi minne. Kabla ya miezi hiyo kutimia, daktari aweza kuitoa mimba ikiwa afya ya mama itadhurika vibaya, au mtoto ana kasoro kubwa isiyotibika na mume na mke wote wameridhia.

Mume na mke. Dada wa kazi za ndani asiyeolewa hana wa kuridhia naye, na mimba ya nje ya ndoa yaweza kumpeleka kizimbani. Ndiyo maana "hamil?" humfanya akaze mtandio, atazame sakafu, ajibu: "La."