Gelsenkirchen 1974: kipa aliyetolewa dakika ya 21

KALEMIE – Kila kocha wa timu ya mtaa, awe wa Kataki ama wa Lubuye, analijua swali hili: golini amuweke nani? Kuna mzee wa timu, haruki sana, lakini kila mtu anaijua mikono yake. Na kuna kijana, pengine amefika juzi tu na familia yake wakikimbia vita. Huyo anaokoa mipira ambayo mzee asingeifikia, halafu dakika inayofuata anaachia shuti la mtoto. Timu ya taifa ya Kongo iliwahi kukutana na swali hilo mbele ya dunia nzima.

Ilikuwa tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi. Nchi iliitwa Zaire, nayo ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Golini alisimama Kazadi Mwamba, kipa wa TP Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe. Klabu hiyo ilitwaa Kombe la Afrika la vilabu mwaka 1967 na 1968. Mwezi Machi 1974, Kazadi huyohuyo alikuwa golini Zaire ilipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri. Siku nne kabla ya mechi hii, Scotland walikuwa wameshinda kwa mabao 2 tu.

Lakini siku hiyo wachezaji waliingia uwanjani na kinyongo kuhusu pesa walizoahidiwa. Yugoslavia wakafunga dakika ya 8, ya 14 na ya 18. Dakika ya 21, kocha Blagoje Vidinić akamtoa Kazadi na kumuingiza Tubilandu Ndimbi, kipa wa akiba, mtu mfupi wa kimo. Kocha mwenyewe alitoka Yugoslavia na aliwahi kuwa kipa wa nchi hiyo, kwa hiyo maneno yakawa mengi. Wengine walisema amewauzia nduguze mechi. Wengine walisema amri ilitoka kwa wakubwa waliokaa jukwaani.

Tubilandu hakupata hata nafasi ya kupasha mwili moto. Mara bao la 4 likaingia. Muda huohuo mwamuzi akamtoa Ndaye Mulamba kwa kadi nyekundu, kwa kosa lililofanywa na mwenzake. Zaire wakabaki 10. Hadi mapumziko ilikuwa 6-0, na mwishoni 9-0. Mabao 6 yalimpita Tubilandu, na miaka yote jina lake likatajwa pamoja na aibu hiyo. Hiyo si haki. Kipa gani angezima moto uliokwisha kushika paa?

Tarehe 22 Juni Kazadi alirudishwa golini, dhidi ya Brazil. Naye alikosea: shuti la Valdomiro, ambalo halikuwa kali, lilimponyoka na kuwa bao la 3, bao lile ambalo Brazil walilihitaji ili kusonga mbele. Basi mzoefu naye huteleza. Lakini mechi iliisha 3-0, si 9-0.

Zaidi ya miaka 40 baadaye, tarehe 31 Januari 2015, Kongo hii yetu ilikutana na Kongo-Brazzaville katika robo fainali ya Kombe la Afrika mjini Bata, Guinea ya Ikweta. Golini alikuwa Robert Kidiaba wa Mazembe, aliyekuwa anatimiza miaka 39 kesho yake. Walikuwepo makipa wadogo kwake kwa umri, lakini kocha Florent Ibenge alikuwa amemchagua yeye. Kipindi cha pili Brazzaville wakafunga mara 2. Ibenge hakumgusa kipa wake. Dieumerci Mbokani akafunga, kisha Jeremy Bokila, kisha Joël Kimwaki, kisha Mbokani tena: 4-2. Kidiaba akarukaruka kwa makalio kama kawaida yake, na Kongo ikamaliza mashindano katika nafasi ya 3.

Historia hizi mbili hazisemi kwamba mzee ndiye bora siku zote. Kidiaba mwenyewe aliwahi kuwa kijana aliyepewa nafasi na mtu. Zinachosema ni kwamba uamuzi hufanywa kabla ya mechi, kwa kichwa kilichotulia, na kocha husimama nao mvua inaponyesha. Kumtoa mzoefu kwa hasira kunawaumiza wawili: yeye anabebeshwa lawama za wote, na anayeingia anatupwa motoni.

Kijana aliyefika juzi apewe golini Jumamosi, tangu dakika ya kwanza, timu ikiwa 0-0. Hapo ndipo kipaji chake kitaonekana, na hata akikosea, atakuwa na muda wa kusahihisha.