Maji ya Mahad

Machi 20, 1927, katika mji mdogo wa Mahad, magharibi mwa India, mwanasheria Bhimrao Ramji Ambedkar aliteremka ngazi za bwawa la Chavdar, akateka maji kwa viganja, akanywa. Umati aliokuja nao ukanywa pia. Saa chache baadaye walikuwa wakipigwa marungu mitaani.

Bwawa lenyewe lilikuwa mali ya manispaa. Waislamu walichota, Wakristo walichota, ng'ombe walikunywa. Waliozuiwa ni Wahindu, wale walioitwa wasioguswa, wakiwemo Wamahar, jamii ya Ambedkar.

Rigveda, maandiko makongwe kuliko yote ya Kihindu, husimulia kwamba makuhani wa Brahmin walitoka katika kinywa cha kiumbe wa asili, Purusha, watawala mikononi, wakulima na wafanyabiashara mapajani, watumishi wa Shudra miguuni. Hayo ndiyo matabaka manne, varna. Lakini kijijini kilichotawala hasa ni jati, jamii za kuzaliwa ambazo idadi yake ni maelfu: ndiyo iliyoamua umwoe nani, ule na nani, upokee maji mkononi mwa nani. Wasioguswa hawakupewa nafasi hata miguuni. Waliondoa mizoga, wakasafisha vyoo, na unajisi wa kazi ukarithiwa na watoto wao. Imani ya karma, kwamba matendo ya maisha yaliyopita humpangia mtu pa kuzaliwa, ikageuzwa jibu kwa kila aliyelalamika. Na dharma, wajibu wa mtu, ikafasiriwa kuwa ni kubaki ulipozaliwa.

Si Wahindu wote walioifasiri hivyo. Katika karne ya 14, Chokhamela, mshairi wa Kimahar, alimwimbia mungu Vitthal wa hekalu la Pandharpur, ambalo yeye hakuruhusiwa kuingia. Kaburi lake liko chini ya ngazi za hekalu hilohilo. Sijui kama ni heshima au kejeli.

Ambedkar aliijua kiu ya wasioguswa tangu utotoni. Shuleni hakuruhusiwa kugusa bomba. Asipokuwepo tarishi wa kumfungulia, hakunywa. Baadaye akapata shahada za uzamivu New York na London, na bado maji ya Mahad yalikuwa haramu kwake. Baraza la kutunga sheria la Bombay lilipitisha azimio la kufungua visima vya umma mwaka 1923, manispaa ya Mahad ikafuata mwaka uliofuata, lakini hakuna Mmahar aliyethubutu kunywa.

Baada ya vurugu za Machi 1927, wakuu wa mji walilitakasa bwawa kwa samadi na mkojo wa ng'ombe. Desemba 25 mwaka huohuo Ambedkar alirudi, na wafuasi wake wakaichoma Manusmriti, kitabu cha sheria za matabaka. Aliyetoa hoja ya kukichoma alikuwa Gangadhar Sahasrabudhe, Mbrahmin.

Kesi kuhusu haki ya kutumia bwawa iliburutwa hadi 1937, Mahakama Kuu ya Bombay ilipowapa haki wasioguswa. Miaka kumi baadaye Ambedkar alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kuandika katiba ya India huru. Ibara ya 17 ilifuta kutoguswa. Ibara ya 15 inataja visima na mabwawa, kwa jina.