Mji Mdogo Hausahau: Habari za Pangani

Watu wengi hudhani kwamba mji mdogo ni mji ambao bado haujakua. Fikira hiyo si sahihi sikuzote. Katika pwani yetu iko miji iliyokuwa na sifa kubwa wakati Dar es Salaam haijajengwa, kisha ikapungua kwa sababu ambazo historia inazijua. Mmoja wao ni Pangani, ulio mlangoni mwa mto wenye jina hilo hilo, kilomita 50 hivi kusini ya Tanga. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mji huo ulivyoupata udogo wake, na jinsi udogo huo ulivyowapa wakazi wake raha na karaha ambazo kila aliyepata kuishi katika mji wa namna hiyo anazifahamu.

Mto Pangani huteremka na maji ya Kilimanjaro na Meru. Katika karne ya 19 bonde lake lilikuwa njia ya misafara iliyoleta pembe za ndovu kutoka bara, na majahazi yalizichukua hadi Unguja. Kando ya mto yalikuwapo mashamba ya miwa, na sukari yake iliuzwa ng'ambo ya bahari. Lakini yafaa isemwe wazi kwamba jasho lililomwagika katika mashamba hayo lilikuwa jasho la watumwa. Mjini walitawala majumbe, na cheo cha ujumbe hakikutosha kurithiwa; kilipaswa kuthibitishwa kwa karamu. Mtu alichinja, akapika, akaita ngoma, na majirani wakala wakamsifu. Mwenzake naye hakukubali kushindwa, akaandaa karamu kubwa zaidi, pengine kwa fedha za kukopa. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na huko Pangani msemo huo ulikuwa kama sheria. Hata mgeni kutoka bara, hata mtumwa, alitamani kupata nafasi katika ngoma na karamu hizo, kwa kuwa ndizo zilizomfanya mtu ahesabiwe kuwa ni wa mji.

Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani ya bara kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Agosti wakala wa Kampuni, Emil von Zelewski, alitwaa madaraka Pangani. Yeye aliwadharau wakubwa wa mji, na askari wa Kijerumani waliingia msikitini na viatu na mbwa wakati wa Sikukuu ya Idi. Katika mji mkubwa habari kama hiyo ingeweza kubaki mtaa mmoja. Pangani haikuwa hivyo. Kila aliyeswali katika msikiti ule alikuwa ndugu, mkwe, jirani au mdeni wa mtu mwingine, na kabla jua halijatua jambo lile limekuwa la wote. Mwezi wa Septemba Zelewski na wenzake walizingirwa ndani ya nyumba, wakaja kutolewa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jemadari wa Sultani. Vita vikaenea pwani nzima chini ya uongozi wa Abushiri bin Salim. Hermann Wissmann aliuteka mji katika Julai 1889, na mwezi wa Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa papo hapo Pangani. Zelewski mwenyewe aliuawa mwaka 1891 huko Lugalo, na majeshi ya Mkwawa. Mshairi Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitungia utenzi vita hiyo ya pwani, nao unasomwa hata leo.

Abushiri alikufa, lakini mji haukufa siku ile. Uliopunguza mji ni mchanga na chuma. Mlangoni mwa mto pana fungu la mchanga ambalo jahazi hulivuka maji yakijaa, ila meli kubwa za moshi haziwezi. Tanga ina ghuba yenye kina. Basi mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, wakaipeleka bara pole pole, hata ikafika Moshi mwaka 1911. Mizigo iliyokuwa ikifuata mto ikafuata reli. Jambo la kusikitisha ni kwamba katika mwaka ule ule wa 1893 Dakta Richard Hindorf alileta miche ya katani nchini. Miche 62 tu iliyosalimika safarini ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo zao la mkonge likatapakaa, na kwa muda mrefu likawa tegemeo kubwa la uchumi wa Tanganyika. Mbegu ilioteshwa Pangani. Bandari, maghala na benki vikajengwa Tanga.

Ndivyo Pangani ulivyokuwa mji mdogo. Ulipoteza biashara yake, lakini haukupoteza desturi zake. Wakazi waliobaki walibaki na mazoea ya mji mkubwa katika mahali padogo, na humo ndimo zilimo raha zake na karaha zake.

Raha yake ya kwanza ni kujulikana. Anayekwenda dukani bila fedha hupewa unga, na deni lake huandikwa katika daftari kwa jina la baba yake. Anayefiwa hapigi mbiu mara mbili. Kabla ya adhuhuri mikeka imekwisha tandikwa, maji yanachemka, na wachimbaji wa kaburi wako kazini. Wavuvi wapandapo pwani, mjane hasahauliwi kitoweo. Jioni wazee huketi barazani, na kijana apitaye hawezi kupita bila ya kuamkia. Ukivuka mto kwenda Bweni utaulizwa unakwenda kwa nani, na ukirejea utaulizwa hali ya huyo uliyemwendea. Kwa mtu aliyepata kuugua peke yake katika chumba cha kupanga mjini mkubwa, maswali hayo si udhia, ni dawa.

Lakini jicho hilo hilo linaloona njaa ya jirani huona pia asiyopenda yaonekane. Barua haijafunguliwa, habari zake zimekwisha fika sokoni. Binti akisimama kuzungumza na mwanafunzi mwenzake, maneno humtangulia nyumbani. Mwenye kuanzisha kazi mpya huambiwa anajitapa, na akishindwa huchekwa miaka kumi. Mgeni aliyehamia akiwa kijana huzeeka akiitwa mtu wa kuja. Sisi watumishi wa Serikali tuliopata kufanya kazi katika miji ya namna hii tunajua kwamba karani huwa karani saa ishirini na nne. Hata sokoni huulizwa faili la mtu limefikia wapi.

Kubwa kuliko yote ni kwamba mji mdogo hausahau. Utumwa ulipigwa marufuku na sheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini sheria haifuti ulimi. Kwa miaka mingi baadaye, katika miji ya pwani, ulipokuja wakati wa posa, wazee waliuliza babu wa kijana alikuwa nani, nao waliulizwa walilijua jibu. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa letu lilitangaza kwa sauti kubwa kuwa binadamu wote ni sawa. Hata hivyo kijana wa mji mdogo hakuhitaji hotuba tu. Alihitaji mahali ambapo jina la babu yake halina habari. Wengi walipapata Tanga na Dar es Salaam. Tunapowalaumu vijana kwamba hukimbilia miji mikubwa kwa tamaa ya taa na sinema, tukumbuke kuwa wako waliokwenda kutafuta kusahauliwa.

Je, basi mji mdogo hauna kitu cha kulipa taifa? Unacho. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, alikuwa karani wa forodha, na Pangani ni mmoja wa miji aliyoitumikia. Haidhuru mshahara ulikuwa mdogo na meli chache; kwa mwandishi, mahali ambapo watu wote wanajuana ni shule ya tabia za binadamu. Wema, wivu, ubahili na ukarimu havijifichi katika umati; vina sura na jina.

Kwa hiyo, walimu na wanafunzi wanaoishi katika miji kama hii wanayo kazi ambayo chuo kikuu hakiwezi kuwafanyia. Waende barazani, waulize, waandike: nani alijenga nyumba hii, misafara ilitua wapi, nani alilima shamba lile na kwa hali gani. Na wasiandike sifa za majumbe na mashujaa peke yao, wakayaacha majina ya waliokata miwa. Mji uliokumbuka ukoo wa mtumwa ili umnyime mke unaweza kuukumbuka ili umpe heshima ya kuwa mjenzi wa mji. Kumbukumbu ni ile ile; matumizi yake ndiyo yatakayoamua kama kijana atakayezaliwa kesho Pangani ataona mlango wa mto wake kuwa ni mahali pa kutokea tu, au pia pa kurejea.