Mali Iliyomo Katika Daftari la Wageni

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika ofisi za kampuni za kupeleka watalii mbugani, hapa Arusha. Nilianza nikiwa mpiga chapa, nikakabidhiwa faksi, na sasa kazi yangu ni kuwaandikia barua pepe wageni wetu wa zamani na wale wanaofikiria kuja. Vijana ninaofanya nao kazi huniuliza kwa nini nang'ang'ania barua pepe ilhali watu wote wamejaa Instagram na WhatsApp. Nawaambia wasikilize kwanza kazi hii ya kumwandikia mteja ilikotoka.

Haikuanza na kompyuta. Aaron Montgomery Ward alikuwa wakala wa mauzo aliyezunguka vijiji vya katikati ya Marekani, akaona jinsi wakulima walivyolanguliwa na wenye maduka wachache waliokuwapo. Akanunua shehena yake ya kwanza, ikateketea katika moto mkubwa wa Chicago wa Oktoba 1871. Mwaka uliofuata akaanza upya kwa karatasi moja tu: bidhaa 163, bei zimeandikwa wazi, zikatumwa kwa wakulima kwa njia ya posta. Mtaji wake ulikuwa majina na anwani. Mwaka 1875 akaongeza ahadi kwamba asiyeridhika atarudishiwa fedha zake, na kwa maoni yangu ahadi hiyo ilizidi katalogi yenyewe kwa thamani, kwa sababu mkulima alikuwa anatuma fedha kwa mtu ambaye hajawahi kumtia machoni. Richard Sears alishika njia hiyo hiyo mwaka 1886, akiuza saa kwa barua alipokuwa wakala wa stesheni ya reli huko Minnesota. Katalogi kubwa ya kampuni aliyoianzisha ilichapishwa mpaka 1993.

Mwishoni mwa 1971, Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN huko Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ARPANET. Ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Mtandao ule uligharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani na biashara haikuruhusiwa humo. Lakini Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alikuwa na mashine mpya za kuuza katika pwani ya magharibi, ambako kampuni yake haikujulikana sana. Watumiaji wote wa ARPANET walikuwa wameorodheshwa katika kitabu kilichochapishwa. Mwenzake akaketi akaingiza anwani kwa mkono, moja baada ya nyingine, zipatazo 400. Programu haikuweza kuzipokea zote mahali pake, zilizozidi zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Waliopokea wakakuta msururu wa anwani za watu wengine, kisha mwaliko wa kwenda kutazama mashine hizo Los Angeles au San Mateo.

Watu walikasirika. Wasimamizi wa mtandao walilaani kitendo hicho kuwa ni ukiukaji wa wazi wa kanuni. Hata hivyo Thuerk mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba barua ile ilileta mauzo ya dola milioni 13 hivi. Faida ya barua pepe ya biashara na kero yake zilizaliwa siku moja, na mpaka leo hazijaachana.

Huku kwetu miaka ya 1990 mgeni alipatikana kwa mlolongo mrefu. Wakala wa London au Frankfurt ndiye aliyemjua mtalii. Sisi tulijua tu jina na tarehe ya kutua kwa ndege, na wakala alichukua kamisheni yake kabla hatujajaza mafuta kwenye gari. Faksi ililipiwa kwa dakika za simu ya kimataifa, hivyo ratiba ya siku 7 ilibanwa iingie ukurasa mmoja. Brosha zilikuwa nzito, na stempu za kuzifikisha Ulaya zilikula faida. Kitu pekee kilichokuwa chetu kabisa ni daftari la wageni. Kila gari liliporudi kutoka Serengeti, mgeni aliandika jina, anwani na maneno mawili matatu kuhusu dereva wake. Kila Novemba tulilifungua daftari hilo, tukaandika kadi za sikukuu na kuzipeleka posta karibu na Mnara wa Saa. Zilikuwa chache, maana stempu zilikuwa ghali, nasi tulilazimika kuchagua nani wa kumkumbuka.

Intaneti ilipofika kwa waya wa simu, yenye kulia na kukatika, jambo moja lilibadilika papo hapo: barua ya kwenda Munich haikuwa tena ghali kuliko ya kwenda Moshi. Hapakuwa na haja ya kuchagua wa kumkumbuka. Mgeni wa Toronto aliyeuliza bei usiku wetu alikuta jibu asubuhi yake. Akaanza kutuuliza sisi wenyewe, bila kupitia kwa wakala. Ofisi nyingi ndogo, za watu waliowahi kuwa madereva na waongozaji, ziliweza kusimama kwa sababu hiyo, na hilo mimi naliweka juu ya faida nyingine zote.

Anwani nyingi zilizopakwa rangi kwenye milango ya magari ya safari zilikuwa za Hotmail au Yahoo. Hotmail ilifunguliwa na Sabeer Bhatia na Jack Smith tarehe 4 Julai 1996. Chini ya kila barua iliyotumwa na mtumiaji palikuwa na mstari mmoja unaomwalika mpokeaji afungue sanduku lake bure. Mwisho wa 1997 watumiaji walikuwa wamepita milioni 8, na Microsoft ikainunua kwa dola milioni 400 hivi. Kila ratiba ya Ngorongoro tuliyomtumia mgeni ilikuwa pia tangazo la Hotmail, lililobebwa na mtu ambaye mgeni anamwamini. Sijui tangazo jingine lililogharimu kidogo kiasi hicho na kufika mbali hivyo.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam na Mombasa, na hatimaye picha zikaweza kusafiri na barua. Hapo ndipo daftari letu lilipogeuka orodha yenye akili. Aliyekuja Septemba kuona nyumbu wakivuka Mto Mara, tulimwandikia kuhusu Ndutu mwezi Februari, nyumbu wanapozaa. Aliyepanda Kilimanjaro hatukumsumbua na habari za kupanda tena, tulimweleza Zanzibar ya kupumzika. Na bei za masika tuliwapa wale waliowahi kutuambia kwamba safari kwao ni ghali.

Wengine walichukua njia ya mkato ya Thuerk. Hata leo wapo wanaouza orodha za maelfu ya anwani za watu wasiowajua, na wapo wanaozinunua. Mtaalamu wa masoko Seth Godin aliandika mwaka 1999 kitabu kizima kuhusu kuomba ruhusa kabla ya kumwandikia mteja, na sheria zikaja nyuma yake. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitaka ridhaa itangulie. Desemba 2003 Marekani ilipitisha sheria inayotaka kila barua ya biashara ioneshe mahali mtumaji alipo na njia ya kujiondoa, na ombi la kujiondoa litimizwe ndani ya siku 10 za kazi. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019. Ya Tanzania ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi wathibitishe utambulisho wao na waweke kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Malalamiko ya barua taka yakifika 3 katika kila 1,000, barua zako huanza kukosa mlango. Nazikubali sheria hizi zote kwa moyo mmoja. Zinamlinda mteja, na zinamlinda mfanyabiashara mwaminifu asifananishwe na mwizi.

Thamani ya orodha yetu ya wageni niliiona Aprili 2020, ndege za abiria kutoka nje zilipositishwa. Tuliwaandikia wageni wetu wote waliokuwa wamelipa malipo ya awali, kila mmoja kwa jina lake, tukiwaomba waahirishe badala ya kughairi. Wengi walikubali, na madereva wetu wakapata kitu cha kupeleka nyumbani. Kisha tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa saa kama sita. Kuna wenye biashara mjini hapa ambao siku ile hawakuwa na njia nyingine yoyote ya kumpata mteja, kwa sababu wafuasi wao walikuwa wa kampuni ya Marekani. Orodha ya anwani unaweza kuipakua, ukaiweka kabatini na kuihamishia kwa mtoa huduma mwingine kesho.

Kwa hiyo wewe mwenye hoteli, saluni, duka la vitenge au shamba la kahawa, anza leo kuuliza. Mteja akiwa bado amesimama mbele yako na ameridhika, mwombe anwani yake, mwambie utamwandikia nini na mara ngapi, na uandike tarehe aliyokubali. Mwandikie ukiwa na jambo la kumfaa. Siku akisema imetosha, mwondoe siku hiyo hiyo.