Mwenye Nunda: Zimwi na Shujaa Mkaidi katika Masimulizi ya Unguja

Miongoni mwa hadithi alizozikusanya Edward Steere katika mji wa Unguja, na kuzipiga chapa London mwaka 1870, imo hadithi ya Sultani Majinuni. Sultani huyo alikuwa na paka. Paka akala ndama, watu wakaenda kushitaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Wakaliwa na wanyama wengine, na jawabu likawa lile lile. Mwisho paka akala watu, na baadaye wana watatu wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo alipokiri kwamba yule si paka tena, bali ni nunda mla watu. Aliyemwua ni mwana wa mwisho, ambaye baba yake hakumtarajia jambo lolote.

Hadithi hii yaweza kusomwa kuwa ni habari ya ushujaa tu. Lakini msomaji akiitazama vema ataona kwamba nguvu ya nunda haikutoka katika meno yake peke yake. Ilitoka katika neno "wangu" lililotamkwa barazani na mtu asiyeweza kujibiwa. Zimwi lilikuwa na mwenyewe. Fikra hii haikukoma katika kitabu cha Steere. Yaonekana tena katika habari za Giningi, na yafaa ifuatwe kwa taratibu ya miaka, kwani kila ilipobadilika, maana ya shujaa nayo ilibadilika.

Giningi, katika masimulizi ya Unguja na Pemba, ni makao ya siri ya wachawi, yasiyoonekana kwa macho ya mtu wa kawaida. Yasemwa kwamba ada ya kuingia humo ni kutoa mtu, naye huwa ni jamaa wa yule aingiaye. Masimulizi hayo hayana mwana wa saba wa kushuka na mkuki. Mwenye busara hukaa mbali, kwa kufuata methali isemayo: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii ni nasaha ya mnyonge: ajue atakavyoliwa, ashukuru kwamba ataliwa kidogo kidogo.

Imani ya wachawi ilikuwa na alama yake ya wazi mashamba, nayo ni chui. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko ndugu zake wa bara, na watu wengi waliamini kwamba wako chui wa mwitu na wako chui wa kufugwa, ambao wachawi huwatuma kutisha na kudhuru. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ulifanyika msako mkubwa wa wachawi na chui, ukiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Swali lililoulizwa lilikuwa lile lile la nunda: huyu ni wa nani? Lakini ushahidi wa kumtia mwenyewe hatiani haukupatikana kwa urahisi, na mnyama alikuwa yu tayari mbele ya bunduki. Chui wakauawa kwa wingi, na kufikia miaka ya 1990 wataalamu wengi waliwahesabu kuwa wametoweka, au wamekaribia kutoweka.

Kumbukumbu ya msako huo ilikuwa bado mbichi wakati Kisima cha Giningi cha Muhammed Said Abdulla kilipotoka mwaka 1968. Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918, na alikuwa mwandishi wa magazeti. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilikuwa imepata tuzo katika mashindano ya uandishi ya Afrika ya Mashariki ya 1957–58. Jina la kitabu cha 1968 lateremsha Giningi ardhini, kisimani, mahali ambapo msomaji wa Unguja angetazamia mazimwi. Anayekwenda kupambana nayo ni Bwana Msa, mtu asiye na upanga wala hirizi. Silaha zake ni kiko, subira na maswali. Jamaa zake wa mbali ni wapelelezi wa riwaya za Uingereza, hasa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Lakini ukaidi wake ni wa hapa hapa, kwani anakataa jambo ambalo majirani zake wamelikubali kabla hajafika. Kwake yeye, nyuma ya kila mzimu yuko binadamu mwenye haja yake. Hata hivyo mwenyewe huyo ni mhalifu mmoja tu. Akishajulikana, habari huisha, na utaratibu wa watu hubaki ulivyokuwa.

Hatua iliyobaki ilichukuliwa na Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Unguja, katika tamthilia yake Kivuli Kinaishi ya mwaka 1990. Humo Giningi si maficho tena. Ni dola, na Bi Kirembwe ndiye mtawala wake. Raia wamepumbazwa hata wakaona giza kuwa ni mwanga. Anayeasi anaitwa Mtolewa, na jina hilo lastahili kutazamwa kisarufi. Mzizi wake ni toa, nalo limo katika kauli ya kutendwa: ni mtu aliyetolewa, kama jamaa anavyotolewa kuwa ada ya uchawi. Kwa umbo la neno, yeye ni wa kutendwa. Kwa mwenendo wake, ni mtendaji. Ukaidi wake waanzia hapo, katika kutokubali sarufi ya jina alilopewa.

Basi kutoka kwa mwana wa Majinuni hadi kwa Mtolewa, shujaa amepungukiwa na nguvu za mwili na kuzidiwa na ujasiri wa kuuliza. Wa kwanza alimwua nunda. Wa mwisho anamkabili yule asemaye "wangu". Kati yao umo msako wa miaka ya 1960, na funzo lake ni zito kuliko la vitabu vyote vitatu. Wachawi waliotafutwa hawakwisha katika vinywa vya watu, wala jina la Giningi halikusahauliwa. Aliyekwisha ni chui, na yeye hakuwa na mwenyewe.