Moyo Ulioachwa Ng'ambo ya Lualaba

Sisi watu wa pwani, tukitaka kuisimulia huzuni ya utumwa, hulitaja Bagamoyo, jina ambalo wengi hulifasiri kuwa ni kubwaga moyo. Leo naomba tuingie bara, hadi Kipalapala, karibu na Tabora. Hapo, katika miaka ya 1880, Mapadre Weupe waliwalea watoto waliokombolewa utumwani.

Si mbali na hapo ipo Kwihara, ambako Machi 1872 David Livingstone alimkabidhi Stanley daftari lake. Katika maandishi yake ya safari za Manyema, kabla ya kukutana na Stanley, ameutaja ugonjwa ulioonekana kwake wa ajabu kuliko yote ya nchi hizi: kuvunjika moyo. Uliwapata waungwana waliotekwa. Mateka wa Said bin Habib walistahimili minyororo hadi walipovushwa mto Lualaba. Walipoyaona maji yale mapana yamewatenga na makwao, wakanyong'onyea. Wanane, na wengine wengi waliokuwa bado minyororoni, walikufa ndani ya siku tatu. Walipoulizwa waumwa nini, waliweka mkono penye moyo hasa. Wenye watumwa wakastaajabu: mbona walishiba, wala hawakufanyishwa kazi?

Neno hilo silipokei. Mwenye mnyororo hawi shahidi wa shibe ya aliyemfunga, na ndui na kuhara damu vilisafiri na misafara.

Hata hivyo, moyo nao usidharauliwe. Mwaka 1975, huko Rochester, Marekani, Robert Ader na Nicholas Cohen waliwapa panya maji matamu pamoja na dawa ya kudhoofisha kinga ya mwili. Baadaye utamu peke yake ukatosha kuishusha kinga hiyo. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walieleza jinsi walivyowatia watu 394 virusi vya mafua puani: waliolemewa na dhiki waliambukizwa zaidi. Dhiki ikidumu, homoni ya kotisoli huzifanya chembe nyeupe za damu zizubae.

Lakini kazi hiyo huchukua muda, nami sidhani kuwa yaeleza vifo vya siku tatu. Labda ni moyo wenyewe. Mnamo 1990 madaktari wa Japani waliueleza moyo unaotuna ncha kwa mshtuko au majonzi, wakauita takotsubo, yaani mtungi wa kutegea pweza. (Wavuvi wetu humchokoa kwa mti tu.)

Tukisema huzuni iliwaua, tumtaje na aliyeileta. Livingstone asimulia habari za mvulana wa miaka kama 12, aliyebebwa hata alipokaribia kukata roho, kisha akalazwa kando ya njia. Hakuwa na ugonjwa mwingine, alisema mwenyewe, ila maumivu ya moyo.